Umeng'olewa jino? Fahamu kuhusu mfupa wa kutengenezwa unaojazwa kwenye taya

Watu husema dawa ya jino ni kung'oa. Kwa mtu ambaye hajalala siku tatu kwa sababu ya gego, msemo huo una ukweli wake. Lakini jino likishatoka, kuna jambo lingine linaloanza ndani ya taya, kimya kimya na bila maumivu: mfupa uliokuwa umelishika jino hilo unaanza kupungua.

Chukua mfano huu. Mama mmoja anaishi katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Jino lake la mbele limevunjika mpaka kwenye mzizi. Anakwenda zahanati ya binafsi mjini, na daktari anamwambia: "Tukiling'oa, tunaweza kujaza mfupa wa kutengenezwa kwenye shimo ili taya lisibonyee." Bei anayotajiwa ni kubwa mara nyingi kuliko ya kung'oa tu. Anarudi nyumbani akifikiria kuuza mbuzi wake au kuchukua mkopo kwenye kikundi cha akiba. Je, afanye hivyo?

Makala haya yanaeleza mfupa huo ni nini, unasaidia nani, nani hauhitaji, na mambo ambayo kila mtu anaweza kufanya bila pesa ili kidonda cha jino kipone vizuri. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wa meno aliyekuona.

Kwa nini mfupa wa taya hupungua?

Mizizi ya meno imekaa ndani ya sehemu ya taya ambayo kazi yake ni kuyashika meno tu. Kila unapotafuna, mzizi unausukuma mfupa huo kidogo, na mwili unauona kuwa ni mfupa wenye kazi, kwa hiyo unautunza. Jino likitoka, kazi imekwisha, na mwili unaanza kuuondoa mfupa huo taratibu.

Sehemu inayoumia zaidi ni ukuta wa nje, upande wa mdomo na shavu. Kwenye meno ya mbele ya juu ukuta huo ni mwembamba sana, mara nyingi haufiki milimita 1. Ndiyo maana mtu aliyeng'olewa jino la mbele, baada ya miezi michache, huona fizi imebonyea kama shimo dogo mahali pa pengo.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa 46 waliong'olewa meno ya nyuma. Baada ya miezi 12, upana wa mfupa mahali pa jino ulikuwa umepungua kwa karibu nusu, kutoka milimita 12 hadi kama milimita 6. Sehemu kubwa ya upungufu huo, karibu theluthi mbili, ilitokea katika miezi 3 ya kwanza. Kwa hiyo wakati ambao mfupa unapotea zaidi ni mapema, wakati mtu anafikiri kidonda kimeshapona.

Je, hilo ni tatizo? Si kwa kila mtu. Watu wengi wana mapengo, wanakula na kuongea vizuri. Linakuwa tatizo kama unataka kuwekewa jino la bandia linaloshikiliwa na mfupa, kama pengo liko mbele na linaonekana, au kama umepoteza meno mengi. Mzee aliyebaki bila meno ya chini na ambaye mfupa wake umepungua sana hupata shida kwa sababu meno ya bandia yanacheza na kumchubua kila anapokula.

Mfupa wa kutengenezwa ni nini?

Ni chembechembe ndogo nyeupe, kama chumvi ya mawe iliyosagwa, zinazotengenezwa kiwandani. Nyingi zinatokana na madini ya kalsiamu na fosfeti, yale yale yanayopatikana kwenye mifupa na meno yetu. Aina zinazotumika zaidi ni hizi:

- Haidroksiapataiti. Inafanana na madini ya mfupa wenyewe. Inayeyuka polepole sana, na inaweza kubaki ndani ya taya kwa miaka.
- Trikalsiamu fosfeti. Inayeyuka haraka zaidi, kwa miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi, huku mfupa wa mtu ukichukua nafasi yake. Mara nyingi huchanganywa na haidroksiapataiti.
- Kalsiamu salfeti. Ni jamaa ya plasta ile ile inayofungwa mtu aliyevunjika mguu, ila imesafishwa kwa matumizi ya ndani ya mwili. Madaktari walianza kuitumia kujaza mashimo ya mifupa tangu karne ya 19. Huyeyuka ndani ya wiki chache.
- Kioo cha mfupa. Ni kioo maalumu kinachoshikana na mfupa. Kilibuniwa Marekani mwaka 1969 na Larry Hench, wakati akitafuta kitu ambacho mwili wa majeruhi wa vita haungekikataa.

Chembechembe hizi si mfupa ulio hai. Fikiria mtu anayejenga nyumba ya udongo: kwanza anasimamisha miti na fito, kisha udongo unashika hapo. Chembechembe ni fito, na mwili wako ndio unaoleta udongo. Mishipa midogo ya damu na seli za mfupa huingia katikati yake na kujenga mfupa mpya.

Kazi hiyo hufanywaje?

Mara nyingi hufanywa siku ile ile ya kung'oa. Daktari anakupiga ganzi, anang'oa jino taratibu bila kuvunja kuta za mfupa, kisha anasafisha shimo na kuondoa uchafu na usaha wote. Halafu anajaza chembechembe zilizoloweshwa, anafunika juu kwa utando mwembamba au sifongo maalumu, na kushona fizi. Kwa jino moja kazi huchukua muda mfupi, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ni kusubiri. Kwa kawaida inachukua miezi 4 hadi 6 kabla taya halijawa tayari kuwekewa kipandikizi, yaani skrubu ndogo ya titaniamu inayoingizwa kwenye mfupa na kubeba jino la bandia. Katika siku za kwanza unaweza kuona chembe chache zikitoka mdomoni kama mchanga. Chache si tatizo. Zikitoka nyingi, au utando ukifunguka, rudi kwa daktari.

Kama kuna jipu kali lenye usaha mwingi, daktari anaweza kuamua kung'oa kwanza, kutibu maambukizi, na kuahirisha kujaza. Huko si kukunyima huduma, maana mfupa uliojazwa ndani ya usaha una hatari kubwa ya kushindwa kushika.

Je, inasaidia kweli?

Inasaidia kupunguza upungufu wa mfupa, lakini haiuzuii wote. Ukilinganisha watu waliojazwa na wale ambao shimo lao liliachwa lipone lenyewe, tofauti ya upana wa mfupa kwa wastani ni kama milimita 1 hadi 2. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa daktari anayetaka kuweka kipandikizi, milimita 2 zinaweza kuamua kama upasuaji mwingine utahitajika au la.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ukijaza "taya litabaki kama lilivyokuwa", amezidisha. Na akikuambia kwamba usipojaza leo hutaweza tena kuwekewa jino maisha yako yote, huyo naye amezidisha. Mfupa uliopungua unaweza kuongezwa baadaye. Kazi hiyo ni kubwa zaidi, ina gharama zaidi na inachukua muda zaidi, lakini ipo.

Nani anaweza kufaidika, na nani hahitaji?

Inaweza kukufaa kama:

- Unang'olewa jino la mbele la juu, na una mpango wa kweli wa kuwekewa kipandikizi ndani ya mwaka mmoja hivi.
- Daktari ameona kwenye eksirei kwamba ukuta wa mfupa ni mwembamba au umeshaharibika.
- Utaweza kurudi kwa daktari yule yule, au kwa mwingine mwenye vifaa, kwa hatua zinazofuata.

Kwa kawaida huhitaji kama:

- Ni gego la mwisho kabisa, lile linaloota ukubwani. Hilo halirudishiwi jino lingine.
- Ni jino la utoto. Mtoto hajazwi mfupa, kwa sababu jino lake la ukubwani liko njiani.
- Huna mpango wa kipandikizi. Ukitaka meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yanaweza kutengenezwa bila kujaza mfupa.

Mweleze daktari mapema kama una kisukari, unavuta sigara au kunusa tumbaku, umewahi kutibiwa saratani kwa mionzi kichwani au shingoni, una mimba, au unatumia dawa za kuimarisha mifupa au za kuzuia damu kuganda. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya kazi kuharibika. Usiache dawa zako mwenyewe kabla ya kuongea na daktari.

Mfupa huo umetoka wapi? Je, ni halali kwangu?

Swali hili ni la haki, usione haya kuuliza. Vifaa vya kujaza taya viko vya aina nne: mfupa wa mgonjwa mwenyewe unaochukuliwa sehemu nyingine, mfupa wa binadamu aliyefariki uliosafishwa na kuuawa vijidudu, mfupa wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, na huu wa kutengenezwa. Wa kutengenezwa hautoki kwa mtu wala mnyama.

Lakini uliza pia kuhusu utando au sifongo ya kufunika. Mara nyingi hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe au ng'ombe, hata pale ambapo chembechembe zenyewe ni za kiwandani. Kama dini yako au dhamiri yako inakukataza, mwambie daktari kabla ya siku ya kazi ili atafute aina nyingine. Una haki ya kuona paketi na kujua kilichomo kabla hakijaingia mwilini mwako.

Huduma hii iko wapi, na nani analipa?

Vituo vya afya vinavyohudumia makazi na kambi, pale ambapo kuna huduma ya meno, kwa kawaida hutibu maumivu, hung'oa meno, na pengine kuziba. Kujaza mfupa na kuweka vipandikizi hufanywa zaidi na madaktari bingwa wa meno katika miji mikubwa kama Kampala, Nairobi au Dar es Salaam.

Nchini Uganda mkimbizi hutibiwa kwenye vituo vya afya vya serikali bila malipo kama raia, lakini kipandikizi cha jino hakiko katika huduma hizo za msingi. Rufaa zinazolipiwa na mashirika hutolewa kwanza kwa magonjwa yanayohatarisha maisha au yanayoweza kumlemaza mtu. Kujaza mfupa kwa ajili ya jino moja kwa kawaida hakuingii humo, kwa hiyo gharama inabaki kwako. Mtu yeyote akikuomba pesa ili "akuingize kwenye orodha ya rufaa", usimpe. Ripoti kwenye dawati la malalamiko la makazi yako.

Kumbuka pia safari. Nchini Uganda sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inakuruhusu kutembea nchini. Kama uko kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, au Kakuma na Dadaab nchini Kenya, unahitaji kibali kabla ya kutoka. Tiba hii ina safari zaidi ya moja, kwa hiyo hesabu nauli na vibali vyote kabla hujalipa ya kwanza.

Maswali ya kumwuliza daktari kabla ya kukubali

1. Je, jino hili haliwezi kuokolewa kwa kuziba au kutibu mzizi?
2. Baada ya kujaza mfupa, hatua inayofuata ni ipi, lini, na bei yake ni kiasi gani?
3. Bei uliyonitajia inajumuisha eksirei, dawa na kurudi kukaguliwa?
4. Mfupa na utando ni wa aina gani, na umetoka wapi?
5. Nisipojaza, nitakuwa na njia gani nyingine?
6. Nikihamishwa makazi au kwenda nchi nyingine, utaniandikia taarifa ya kazi iliyofanywa?

Swali la sita ni muhimu hasa kwa mtu aliye kwenye mchakato wa kupelekwa nchi ya tatu. Omba karatasi inayoonyesha tarehe, jino lililong'olewa na aina ya kifaa kilichowekwa, pamoja na nakala ya eksirei. Daktari wa huko hatalazimika kubahatisha.

Namna ya kulinda kidonda bila kutumia pesa

Ulinzi wa kwanza wa mfupa ni bonge la damu linaloganda ndani ya shimo. Ndilo linalofunika mfupa, na ndani yake ndimo mfupa mpya unamoanza kujengwa, hata bila kujaza chochote. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi na unauma vibaya. Ili lisitoke:

- Ng'ata pamba au kitambaa safi ulichopewa kwa dakika 30 hadi 45. Usikitoe kila mara kuangalia.
- Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na usiguse shimo kwa ulimi au kidole.
- Usivute sigara wala kunywa pombe, angalau kwa siku 3. Zaidi ni bora.
- Kula vitu laini na visivyo moto: uji uliopoa, ndizi, viazi vilivyopondwa. Tafuna upande mwingine.
- Baada ya saa 24, sukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja, hasa baada ya kula. Kama umejazwa mfupa, fuata maelekezo ya daktari wako kuhusu siku ya kuanza kusukutua.
- Endelea kupiga mswaki meno mengine kwa dawa yenye floraidi.
- Kunywa dawa za maumivu na za maambukizi kama ulivyoandikiwa tu. Usigawane vidonge na jirani.

Usiweke kitu chochote kwenye shimo: si tumbaku, si majivu, si karafuu, si mitishamba, si kidonge kilichosagwa. Na kula udongo au chaki hakujazi mfupa wa taya. Vitu hivyo huleta maambukizi.

Jihadhari pia na watu wanaong'oa meno sokoni au nyumbani. Koleo lisilochemshwa vizuri linaweza kukuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na kung'oa kwa nguvu huvunja ule ukuta mwembamba wa mfupa, ambao hata daktari mwenye vifaa vyote atapata shida kuujenga tena.

Rudi kituo cha afya haraka ukiona:

- Damu inaendelea kutoka hata baada ya kung'ata kitambaa safi kwa dakika 20 bila kuachia.
- Maumivu yaliyokuwa yamepungua yanarudi kwa ukali siku ya 2 hadi ya 4, yanapanda mpaka sikioni, na mdomo unanuka. Huenda bonge la damu limetoka. Linatibika.
- Uvimbe unaongezeka baada ya siku ya 3, una homa, au usaha unatoka.
- Mdomo haufunguki, unashindwa kumeza au kupumua. Hii ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Turudi kwa yule mama

Je, auze mbuzi? Jibu liko kwenye swali la pili. Kama anayo pesa ya kujaza mfupa tu, na hana njia ya kulipia kipandikizi miezi 6 baadaye, basi atakuwa amejenga msingi wa nyumba ambayo haitasimama. Mfupa uliojazwa usipowekewa kitu cha kubeba unaweza kuendelea kupungua taratibu. Ni bora ang'olewe kwa upole, atunze kidonda, asubiri kipone, kisha aulize bei ya jino la bandia la kuvaa na kuvua. Litaficha pengo, naye atabaki na mbuzi wake.

Kama anazo pesa za hatua zote mbili, jino ni la mbele, na daktari ni yule atakayekuwepo miezi 6 ijayo, basi kujaza ni uamuzi wenye maana, na siku ya kung'oa ndiyo siku nzuri ya kuufanya.

Na kama jino lako bado liko mdomoni na linauma, usisubiri lioze mpaka kwenye mzizi. Waulize wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, ni siku gani huduma ya meno inapatikana karibu nawe. Jino linaloweza kuzibwa ni la thamani kuliko mfupa wowote wa kiwandani, kwa sababu mzizi wako mwenyewe ndio unaolitunza taya bora kuliko kitu chochote.